Bibi Harusi Aingia kwa Tangazo la Salfa

“Ubwiriunga! Ubwiriunga! Ubwiriunga ni adui wa mkorosho wako!”

Ndiyo, msomaji wangu, umesoma sawasawa. Tulimwacha DJ Harithi kidole kikiwa juu ya kitufe, na bibi harusi Yasmini yupo mlangoni mwa ukumbi pale Ruangwa mjini, mguu mmoja ndani na mwingine nje, anasubiri wimbo wake wa kuingilia. Kidole kilishuka. Wimbo haukutoka. Lilitoka tangazo la salfa, dawa ya huo ugonjwa wa mikorosho, kwa sauti ya Harithi mwenyewe, tena kwenye spika zote, hadi zile za nje.

“Mkulima wa Ruangwa, usilale! Salfa imefika!”

Ukumbi ulikuwa umejaa vitenge vya sare, marashi na wageni wa heshima kutoka Nachingwea. Wote wakanyamaza. Bwana harusi Sadiki, aliyekuwa jukwaani ameandaa tabasamu la kumpokea mkewe, akabaki nalo usoni hajui alipeleke wapi.

Na wewe uliyefungia maandazi gazeti la wiki jana kabla hujalisoma, nakusogezea kiti. Harithi siku hiyo hakuwa anapiga muziki tu. Alikuwa anatafuta mke. Mzee Shaban, baba wa bibi harusi, ana binti mwingine, Zulfa, mdogo wake Yasmini, na huyo Zulfa ndiye anayemkosesha Harithi usingizi tangu msimu wa ufuta wa mwaka juzi. Harithi alipotuma neno la posa, mzee alijibu kwa kifupi.

“Mwanamume hujulikana kwa kazi yake. Kazi yako muziki. Basi pigia harusi ya Yasmini. Ukumbi ukienda laini mwanzo mpaka mwisho, Jumapili walete wazee wako tuzungumze. Ukinitia aibu mbele ya wageni wa Nachingwea, hata njia ya mbele ya uzio wangu uiache.”

Sasa aibu ilikuwa imeshaingia ukumbini kabla ya bibi harusi.

Kosa lilikuwa dogo, kama yalivyo makosa yote makubwa. Siku za kawaida Harithi hutangaza salfa kwa gari la matangazo. Flashi ya salfa na flashi ya harusi zilikuwa za rangi moja, na asubuhi ile, akiwa na Zulfa kichwani badala ya akili, alichukua ya salfa akaja nayo ukumbini. Ya harusi akaiacha garini, na gari likaondoka na dereva wake Eustakio kuelekea Malolo.

Akabonyeza kitufe cha kuzima. Kompyuta ikagoma.

“Zima hilo balaa!” alifoka Mzee Shaban.

“Imeganda, Mzee!”

“Nani kaganda?”

“Mashine!”

Kweli ilikuwa imeganda, na ilichagua pa kugandia. “Salfa imefika, salfa imefika, salfa imefika…” iliimba, bila kituo.

Mzee mmoja wa Nandagala akasimama katikati ya wageni. “Samahani, inauzwa wapi hiyo?”

“Kaa chini, babu, hii harusi!”

“Harusi naiona. Mimi nauliza salfa.”

Kicheko kikaanza meza za nyuma. Kilikuwa kile kicheko kibaya, cha mtu anayejua atakwenda kusimulia. Mzee Shaban akainuka kitini na fimbo yake.

Utasema, si angeshusha sauti tu? Angeshusha, ndiyo. Lakini sauti ikishuka kinachobaki ni kimya, na Harithi alikuwa anaogopa kimya cha ukumbini kuliko alivyoogopa ile fimbo. Kwenye kimya bibi harusi anasikia viatu vyake mwenyewe, halafu anasikia wanaomteta, halafu analia, na wanja wote unashuka mashavuni. Yasmini alikuwa tayari midomo inamcheza.

Hapo ndipo Harithi alipomwona Zulfa. Alikuwa nyuma ya dada yake, ameshika mkia wa shela, na kwa mkono mmoja anapiga paja lake polepole. Du-du, ka. Du-du, ka. Macho yake hayakuondoka kwa Harithi.

Harithi akaelewa. Pembeni ya kompyuta kulikuwa na kinanda chake kidogo chenye midundo ya kuwekwa tayari. Akauwasha mdundo, akaulaza chini ya ile sauti iliyoganda.

Du-du, ka. “Salfa imefika!” Du-du, ka. “Salfa imefika!”

Msomaji, ukawa wimbo! Bega la Yasmini likatikisika. Binti wa mkulima wa korosho, aliyevaa gauni lililoshonwa kwa pesa za korosho, akaona hakuna cha ajabu kuingia na salfa. Akaingia kwa madaha. Mashangazi wakapiga vigelegele hadi bati likaitikia, na Sadiki akashuka jukwaani kumfuata mkewe katikati ya ukumbi, jambo ambalo halikuwemo kwenye ratiba yoyote.

Harithi akafuta jasho. Alikuwa anasubiri Mzee Shaban amtazame.

Mzee hakumtazama. Kwa sababu MC Masoudi alikuwa ameshanyakua kipaza sauti.

Huyu Masoudi mmtambue vizuri. Ni kapera wa Nachingwea, suti nyekundu, viatu vyenye ncha, na ulimi usiojua Ijumaa wala Jumamosi.

“Mabibi na mabwana!” alinguruma. “Mlidhani ni kosa? Thubutu! Huo ni ubunifu wangu mimi MC Masoudi! Mke ni mkorosho, mume ni salfa! Leo ubwiriunga hautaiona nyumba hii!”

Ukumbi ukavunjika mbavu. Mzee Shaban akaketi, fimbo akailaza magotini.

“Yule kijana mwekundu ana akili,” alimwambia jirani yake.

Harithi alisikia. Akaizima kompyuta na kuiwasha upya. Nyimbo nyingine zote za harusi zilikuwemo ndani yake, ila huo wa kuingilia tu ndio aliokuwa ameuweka kwenye flashi. Akachagua muziki laini wa kusindikizia soda. Simu ikatetemeka mfukoni.

“Kaka Hari, huku noma,” alisema Eustakio.

“Uko wapi?”

“Malolo. Nimechomeka flashi nikijua ni salfa, kumbe wimbo wa bibi harusi. Watu wametoka majumbani wanashangilia gari.”

“Si uzime?”

“Nilizima. Mama mmoja akanishikia mlango, akasema utazimaje wimbo wa bibi harusi, unamtakia nuksi mtoto wa watu? Nikawasha.”

“Geuza gari uje huku sasa hivi.”

“Nimeshageuza, kaka. Ila…”

“Ila nini?”

“Na wao wamegeuka.”

“Wangapi?”

“Hawahesabiki. Wengine wako kwenye bodaboda, na kuna trekta.”

Kabla Harithi hajafungua mdomo, muziki ukakatika. Taa za mapambo zikafa. Feni zikazunguka kivivu, zikasimama.

“Umeme umekwenda?” watu waliulizana.

Haukwenda. Ulichukuliwa. Katikati ya ukumbi alisimama Bi Mwanaima wa Nachingwea, gauni kalivaa nyuma mbele, uso kajipaka unga wa muhogo, sufuria kichwani kama kofia ya askari. Waya mkubwa wa umeme, ule unaolisha mitambo yote na taa, alikuwa ameuchomoa ukutani na kujizungushia kiunoni mara nyingi kama shanga.

Bi Mwanaima ni mtani wa ukoo wa Mzee Shaban tangu enzi za mababu. Kwetu huku mtani akiingia kwenye shughuli yako hana adabu na hatakiwi kuwa nayo. Atakalia kiti chako, atakula nyama yako, atakutukana mbele ya wakwe, na wewe unatakiwa ucheke. Ukimkasirikia mtani, aliyeaibika ni wewe.

“Mtani wangu Shaban!” aliita. “Umeme wako huu hapa, nimeufunga kiunoni! Ukiutaka, cheza!”

“Mimi sichezi,” alisema Mzee Shaban, akijitahidi kutabasamu kama mila inavyotaka. Tabasamu lilitoka upande mmoja.

“Basi tukae kimya kama matangani.”

“Mtani, nina wageni.”

“Mimi si mgeni? Cheza!”

MC Masoudi akaruka mbele kuokoa jahazi. Akafungua kinywa, na hapo Ruangwa yote ikagundua siri ya MC huyu. Bila umeme alikuwa na sauti nyembamba, ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyemnunia. Haikufika hata meza ya pili.

Harithi akatoka nyuma ya meza yake, akamwendea bibi yule kwa unyenyekevu.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa?”

“Nimekuja kuomba waya, mke wangu.”

“Shaban acheze kwanza.”

“Atachezaje bila muziki?”

“Muziki si kazi yako?”

“Muziki unataka umeme, Bibi. Umeme umeuvaa.”

“Sasa hilo shauri lako,” alisema Bi Mwanaima, akajikalia zake kwenye kiti cha bwana harusi, akamchukulia na soda.

Hebu lipime mwenyewe jambo hilo, msomaji. Muziki haupatikani bila waya. Waya haupatikani mpaka mzee acheze. Mzee hachezi bila muziki, na hata ukiwepo hachezi, kwa sababu ni Mzee Shaban, mtu ambaye majirani hawajawahi kumwona hata akipiga miluzi. Huku nje Malolo nzima iko njiani na trekta. Harithi aliiona posa yake inaondoka kwa miguu.

Harufu ya mafuta ya karafuu ikapita karibu yake. Zulfa, na sinia la glasi mkononi, akamwinamia kana kwamba anamkaribisha maji.

“Baba anashindwa na mdundo mmoja tu,” alinong’ona. “Ule unaopigwa wavulana wakitolewa jandoni. Mwaka jana alikuwa kitandani na malaria, vijana wakapita nje wanaupiga, mguu wake ukatupa shuka.”

“Nitaupigia nini?”

“DJ nani, mimi au wewe?” alisema Zulfa, akaenda zake. Siku hiyo wanawake wote walikuwa wamekubaliana jibu.

Harithi akazama nyuma ya pazia la jikoni. Mpishi mkuu, Mama Lusiana, alikuwa amesimama pembeni ya vyungu vyake. Harithi akanyakua sufuria kubwa tupu, akalipindua, akachukua mwiko wa pilau.

“Wewe! Mwiko wangu!”

“Nitakurudishia, Mama!”

Akaanza polepole. Chuma kikaongea. Ukumbini wazee wakainua vichwa. Mdundo ule hauna mwenyewe, kila mwanamume wa huku aliupokea utotoni akiwa na nguo mpya na mama yake akilia kwa furaha.

Mguu wa kulia wa Mzee Shaban ukatikisika.

Mzee akauwekea mkono juu ya goti kuukalisha. Ukatikisika wa kushoto. Akaukalisha na huo. Mabega yakaanza, na mikono ilikuwa imekwisha.

“Laa haula!” alisema mzee, akasimama, fimbo ikaanguka, akaingia uwanjani.

Alicheza! Alicheza akiinama, akachezea kisigino, akazunguka hadi kofia ikamtoka. Wageni wa Nachingwea wakapanda juu ya viti. Yasmini alilia na kucheka kwa pamoja, kwa sababu hakuwahi kumjua baba yake huyu. Bi Mwanaima akatupa sufuria lake, akasimama kujifungua waya, akawa anazunguka kama pia huku Sadiki akivuta upande wa pili, mpaka akabaki kiuno kitupu na kizunguzungu. Waya ukarudi ukutani, na umeme nao ukarudi.

Sasa nisikilize kwa makini. Harithi alikuwa nyuma ya pazia. Na mbele ya pazia, msomaji, alisimama nani? MC Masoudi, akipunga mikono hewani, kana kwamba mdundo ule ulikuwa unatoka kwenye vidole vyake.

Mzee Shaban, anahema, akampiga MC mgongoni. “Umenirudishia ujana, kijana. Wewe una baraka.”

“Ndiyo kazi yetu, Baba,” alijibu Masoudi, akageuza shingo akamtazama Zulfa.

Baba! Harithi alilisikia neno hilo akiwa bado ameshika mwiko, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akatamani kumpiga mtu na chombo cha jikoni. Lakini hakupata nafasi. Kutoka barabarani ulisikika wimbo wa bibi harusi, kwa mbali, halafu si kwa mbali.

Mzee Shaban akaenda dirishani. Gari la matangazo lilikuwa linakunja kona. Nyuma yake bodaboda, nyuma ya bodaboda trekta lenye tela, na kwenye tela kina mama wamesimama wanapunga khanga. Malolo ilikuwa imefika.

“Nani kawaalika hawa?” aliuliza mzee.

Mama Lusiana akatoka jikoni mikono kiunoni. “Mzee, nakwambia mapema. Pilau ni ya hawa waliomo humu. Hao wakiingia, hata bwana harusi atalamba vidole vya mwenzake.”

“Tuwafukuze?”

“Mgeni wa harusi anafukuzwa? Unataka wakaimbe jina lako Malolo?”

Uso wa mzee ukawa wa majivu. Harithi aliuona kutoka kwenye meza yake, akajua kwamba kumfukuza mtu hakuwezekani na kumlisha hakuwezekani. Ratiba iliyobandikwa mbele yake ilisema sasa ni chakula, na wimbo wa chakula ulikuwa tayari. Akiupiga, miguu yote, iliyoalikwa na isiyoalikwa, itakwenda kwenye vyungu. Ukumbini mtu hajiendeshi, anaendeshwa na wimbo.

Kama ni hivyo, alijisemea, waendeshwe kwingine.

Akaubonyeza wimbo wa zawadi.

“Wewe!” MC Masoudi alimkimbilia. “Ratiba inasema chakula!”

“Wimbo unasema zawadi, kaka. Tangaza.”

“Lakini ratiba…”

Mashangazi walikuwa wameshasimama, mikoba juu, wanajipanga mstari huku wakinengua. MC hawezi kubishana na mstari wa mashangazi. “Na sasa ni wasaa wa zawadi!” alitangaza haraka, kama aliyepanga yeye.

Watu wa Malolo wakamiminika mlangoni wakiwa na njaa na furaha, na kabla hawajaangalia vyungu viko upande gani, mashangazi wakawashika viuno wakawaingiza kwenye mstari. Huko mbele kuna maharusi. Huku nyuma kuna watu wanasukuma. Na hapa kwetu, Mmwera, Mmakonde, Myao au Mmakua, hakuna anayeweza kupita mbele ya maharusi wakati wa wimbo wa zawadi mikono mitupu akabaki na uso wake.

Wengine walikumbuka ghafla kwamba wameacha moto unawaka nyumbani, wakageukia hapohapo. Waliobaki walijipapasa. Dereva wa bodaboda akatoa jogoo aliyekuwa anampeleka kwa mkwewe. Mama mmoja akatua kisado cha ufuta. Mwingine akavua khanga mpya ya begani akamfunika Yasmini, akabaki na ya chini akiifunga vizuri. Likatoka jembe, ikatoka mihogo, akatoka bata aliyekuwa hataki kutoka. Mwenye trekta, hana kitu, akatokwa na jasho, akaahidi mbele ya watu kuwalimia maharusi shamba lao la kwanza.

Harithi alikuwa kwenye simu. “Eustakio! Egesha mlango wa pembeni, fungua spika zako zote, wakishatoa wapokee huko nje!”

Basi mstari ukawa unaingia mlango mkubwa, unapita kwa maharusi, unatokea mlango wa pembeni, na huko nje gari linapiga ngoma, soda zinagawiwa, vumbi linatimka. Hakuna hata mmoja wa Malolo aliyeuliza pilau. Ndani, waalikwa wakala wakashiba, na ukoko ukabaki.

“Mgeni njoo, mwenyeji apone!” alisema Mzee Shaban, akicheka hadi machozi, bata kamshika kwapani. Kisha akasogea mbele, akaomba kipaza sauti.

Harithi akakaa sawa. Ndiyo saa yake. Ukumbi umekwenda, kama si laini basi kwa kuteleza. Akampandishia mzee sauti vizuri, akaondoa mikwaruzo yote, ili neno lake lisikike zuri.

“Ndugu zangu,” alianza mzee, sauti imemkauka kwa ngoma. “Yupo kijana wa hapa Ruangwa aliniletea neno kuhusu mwanangu Zulfa. Nikamwambia, ukumbi ukienda laini, njoo. Kijana huyo ndiye yule pale kwenye mashine. Alianza kwa kutuletea ubwiriunga. Umeme ulipokatika nikamtafuta kwa macho, hayupo, amekimbilia jikoni. Basi neno langu kwake limekufa.”

Harithi akaiinamia mashine yake.

“Lakini yupo aliyesimama mbele yetu wakati wote. Aliyegeuza salfa ikawa wimbo. Aliyenichezesha mimi, ambaye sichezi. Aliyetangaza zawadi, na Malolo ikatuletea mali badala ya njaa. Mtu wa namna hiyo simwachi arudi Nachingwea peke yake.”

MC Masoudi alikuwa ameshasimama, ananyoosha tai.

“Nasema mbele ya mashahidi, na mnijue mimi neno langu huwa silimezi. Mwanangu Zulfa nampa…”

Harithi hakuamua. Kidole kiliamua. Mtu aliyehangaika alasiri nzima ili ukumbi usipate kimya hata cha kupepesa jicho, alikishika kile kidude cha kupandisha na kushusha sauti ya mzee, akakishusha mpaka chini.

Midomo ya Mzee Shaban ikacheza. Hakikutoka kitu. Ngoma ya nje ikameza kilichobaki.

Mzee akakipiga kipaza sauti kwa kiganja. Kimya. Akakipuliza. Kimya. Wageni wakatazama spika, wakafuata nyaya kwa macho, kutoka ukutani hadi mezani, kutoka mezani hadi kwenye kidole. Kwa mara ya kwanza siku ile ukumbi mzima ulikuwa unamtazama DJ.

“Wewe kijana,” alisema Masoudi kwa ile sauti yake ya chumvi, “unamzimia mzee?”

Kidole cha Harithi kikabaki palepale. Miguu ilikuwa inamwambia akimbie na moyo unamwambia akae.

Zulfa akainuka. Alitembea bila haraka hadi meza ya wageni wa Nachingwea, akachukua kipaza sauti cha pili, kilichowekwa hapo kwa salamu za wageni, akakielekeza kidogo upande wa mashine.

“DJ,” alisema. “Nipe sauti.”

Harithi hakujua Zulfa anataka kusema nini. Pengine angemkana. Pengine angemwomba radhi baba yake kwa niaba ya mpumbavu. Harithi akampandishia hata hivyo, na kwenye spika zote ikasikika pumzi ya Zulfa ikitetemeka. Kumbe naye aliogopa.

“Baba, shikamoo. Wazee wote, shikamooni. Salfa aliyeigeuza wimbo ni yule. Sufuria aliyelipiga nyuma ya pazia ni yule, muulizeni Mama Lusiana mwiko wake ulikuwa na nani. Wimbo wa zawadi aliuweka yule, huyu mwenye suti alikuwa anabishana naye. Nimeyaona yote, kwa sababu siku nzima sikuwa natazama kwingine.”

Kina mama wakaguna guno refu. Bi Mwanaima akapiga kofi.

“Najua kwetu mwanamume ndiye anayetuma posa. Yake umesema imekufa. Sawa, Baba. Basi natuma yangu. Mimi Zulfa binti Shaban namposa Harithi, na mashahidi ni nyinyi mlioshiba.”

Sijui nikuelezeje kelele zilizofuata. Vigelegele, miluzi, bata, vyote kwa pamoja. MC Masoudi alikaa bila kuangalia kama kiti bado kipo. Harithi alishika meza kwa mikono miwili.

Mzee Shaban alimtazama binti yake muda mrefu. Uso wake haukuwa wa hasira wala wa furaha, na hata Yasmini anayemjua aliogopa. Kisha akakiinua kile kipaza sauti chake kilichokufa, akakisogeza mdomoni, akajibu.

Hakuna aliyesikia. Vichwa vyote vikageuka tena mezani kwa DJ.

“Mfungulie Baba,” alisema Zulfa, taratibu. “Tumsikie.”

Kukiacha kidude chini kulikuwa rahisi. Harithi alijua kabisa kwamba jibu lisilosikika haliumizi. Lakini msichana alikuwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi, na ujasiri wake wote ameutoa mbele za watu. Akafumba macho, akakipandisha kidude mpaka juu.

Pumzi ya mzee ilisikika hadi nje, kwa watu wa Malolo. Ngoma yao ikakatika.

“Harithi!” alinguruma Mzee Shaban. “Njoo hapa mbele.”

Na alichoambiwa huko mbele, msomaji wangu, ni cha gazeti la wiki ijayo.